John Kani na kipande cha maiti

Watoto wetu waliotazama The Lion King ya 2019 wamemsikia Rafiki, yule nyani mzee mwenye jina la Kiswahili. Mwenye sauti ile ni John Kani wa Afrika Kusini. Ndiye pia Mfalme T'Chaka, babake Black Panther, na ndiye Samuel katika The Ghost and the Darkness ya 1996, filamu ya simba wala watu wa Tsavo (ingawa ilipigwa Afrika Kusini, si hapa kwetu). Katika zote hizo nyota ni mwingine, yeye ni mzee wa pembeni. Lakini mzee huyo akianza kusema, watu hunyamaza.

Uzito huo aliupata jukwaani, katika mchezo unaohusu jambo ambalo sisi Wapwani tunalijua sana: kipande.

Kani alizaliwa 1943 huko New Brighton, Port Elizabeth, na aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford. Mwaka 1965 alijiunga na Serpent Players, kikundi alichokuwa nacho mwandishi Mzungu Athol Fugard. Enzi hizo za ubaguzi, Mwafrika alilazimika kutembea na pasi inayoonyesha kazi yake, na mtu mweusi hakuweza kuandikwa mwigizaji. Basi Kani na mwenzake Winston Ntshona waliandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard.

Mwaka 1972 watatu hao walitunga Sizwe Banzi Is Dead. Mtu katoka shamba kutafuta kazi mjini, pasi yake ina muhuri wa kumrudisha kwao. Usiku yeye na rafikiye Buntu wanakuta maiti njiani, mwenye pasi iliyo sawa. Wabadilishe picha? Akikubali, atapata kazi na kulisha wanawe, lakini jina alilopewa na wazazi wake litakuwa limezikwa. Ntshona alikuwa Sizwe. Kani alikuwa Buntu, na pia Styles, mpiga picha mcheshi anayeufungua mchezo.

Mimi nilipoomba kitambulisho niliambiwa nilete kipande cha marehemu babu. Nadhani wasomaji wengi hapa wana kisa chao. Wapemba walioishi Kwale na Kilifi vizazi kadhaa walingoja hadi 2023 ndipo serikali ikawatambua.

Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony huko New York. Mwaka uliofuata, walipouonyesha mchezo huo Transkei, wakatiwa ndani. Mwaka 1987 Kani aliigiza Othello jijini Johannesburg, akimbusu mwigizaji wa Kizungu mbele ya umma, na baadhi ya watazamaji Wazungu waliinuka wakatoka.

Mwaka 2024, akiwa na miaka 81, alirudi kuwa Rafiki katika Mufasa. Mimi natamani zaidi vijana wa Mombasa wauigize Sizwe Banzi kwa Kiswahili. Styles asibadilishwe sana. Wapiga picha za paspoti bado tunao mjini.