Kulala Nyuma ya Pikapu na Mtoto: Joto Bila Jiko

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Nyanya, ikiwa uko karibu, sogeza kiti. Na wewe baba unayeendesha gari la mizigo, leo usitoke, maana mazungumzo haya yanakuhusu pia.

Leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumelifanya bila kulifikiria sana: kulala nyuma ya pikapu pamoja na watoto. Wakati wa maembe, au wakati wa kuvuna ndengu, familia nyingi husafiri na mzigo. Soko hufunguka alfajiri, mnunuzi huja mapema, na nyumba ya kulala wageni inakula faida. Basi watu hufunika turubai na kulala papo hapo. Je, tunaweza kulala hivyo salama, mvua ikinyesha au baridi ikizidi? Ndiyo, tukijiandaa. Lakini kuna makosa machache ambayo humaliza familia nzima kwa usiku mmoja.

Tuchukue mfano. Mama ametoka Kathonzweni na kreti za maembe. Shemeji yake ndiye dereva. Nyumbani hakuna wa kumwachia watoto, kwa hivyo amekuja na mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka mitano. Wanafika Emali usiku, na mvua inaanza. Mama anashusha turubai pande zote ili watoto wasilowe. Mtoto mdogo analia kwa baridi. Kando ya barabara kuna jiko lililotumika kupikia chai, na makaa yake bado ni mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Mama anaona ni vyema aliingize ndani, angalau kwa saa moja tu.

Mama mpendwa, hapo ndipo tunapokuomba usimame.

Jiko lisilo na moshi pia linaua

Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Wengi hudhani kwamba moshi ukiisha hatari imeisha. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa sumu, na hata yale yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa.

Ukivuta hewa hii, inaingia kwenye damu na kukaa mahali ambapo oksijeni ingekaa. Ubongo na moyo vinakosa oksijeni huku wewe ukidhani ni usingizi tu. Watoto huumia haraka kwa sababu wanapumua kwa kasi kuliko watu wazima. Mama mjamzito yuko katika hatari kubwa, na mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika hata kama mama mwenyewe anajihisi afadhali.

Wako wanaosema, "Mimi huweka sufuria ya maji karibu na jiko." Maji hayazuii sumu hii. Wengine husema, "Mimi huacha upenyo mdogo." Upenyo mdogo hautoshi. Jiko lisiingie chini ya turubai, wala ndani ya kebini. Usilale pia gari likiwa linanguruma ili mpate joto, kwa maana moshi wa injini una sumu hiyo hiyo na unaweza kuingia chini ya turubai. Koroboi nayo iachwe, tumia tochi.

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, na usingizi usio wa kawaida. Ukiona watu wawili au watatu mliolala pamoja wana dalili hizo kwa wakati mmoja, usifikirie ni chakula tu. Watoe wote nje kwenye hewa safi mara moja, kisha nendeni hospitali. Mgonjwa anahitaji oksijeni. Kumnywesha maziwa hakuondoi sumu hii, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa.

Joto linaanzia chini

Sasa utauliza, "Bila jiko, mtoto atapataje joto?" Swali zuri sana.

Baridi nyingi ya kulala kwenye pikapu haitoki juu, inatoka chini. Bodi ya gari ni chuma, na chuma hunyonya joto la mwili usiku kucha. Unaweza kujifunika blanketi tatu na bado ukatetemeka, kwa sababu mgongo umelalia chuma. Kwa hivyo anza na sakafu. Tandika karatasi ya plastiki kuzuia unyevu. Juu yake weka maboksi ya karatasi yaliyokunjuliwa, au magunia makavu yaliyojazwa nyasi kavu. Kisha mkeka, halafu godoro. Kama una mbao, fundi anaweza kukutengenezea kitanda kifupi kilichoinuka kidogo kutoka kwenye chuma, na mizigo midogo ikakaa chini yake.

Mvishe mtoto nguo kavu, soksi na boshori, kwa kuwa mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani. Mtoto akishalala salama, hakikisha nguo haimfuniki uso. Njia nzuri ya kumpasha mtoto mdogo joto ni kumweka kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, huku ukiwa macho, na kumnyonyesha. Ukihisi usingizi umekuzidi, mlaze chali mahali pake palipo tambarare, mbali na mito laini na mbali na kreti zinazoweza kuanguka. Na nguo zikilowa, zibadilishwe hata kama ni usiku wa manane. Beba seti moja ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Turubai lizuie mvua, lisizuie hewa

Turubai lililolazwa juu ya mizigo hukusanya maji kama karai, kisha maji yote humwagikia waliolala. Mwombe fundi wa kuchomelea akuwekee vyuma vitatu vilivyopinda kama upinde juu ya bodi. Turubai likipita juu ya vyuma hivyo, maji yatateleza pande zote mbili. Lifungeni kwa kamba, na kingo zake zishuke nje ya bodi, zisiingie ndani, la sivyo maji yatafuata kitambaa mpaka kwenye godoro.

Acheni nafasi mbili za hewa: moja juu, upande wa mbele karibu na kebini, na nyingine nyuma, mlangoni. Egesheni gari ili upepo wa mvua ugonge mbele, si mlango wa nyuma. Hewa ikipita, ndani hapatakuwa na unyevu mwingi. Turubai likifungwa kabisa, pumzi zenu hugeuka matone ya maji na kuloanisha blanketi, hata kama nje hakujanyesha.

Chandarua kilichotiwa dawa kifungwe kwenye vile vyuma vya juu, na kingo zake zichomekwe chini ya godoro. Mvua zetu za Oktoba hadi Desemba huleta mbu wengi, na mbu hajali kama unalala nyumbani au sokoni.

Radi ikianza kupiga, msikae nyuma. Turubai halizuii radi. Ingieni wote ndani ya kebini, fungeni milango na madirisha, msiguse vyuma, mpaka ipite.

Gunia lenye vidonge halilaliwi

Hili ni la wale wanaobeba ndengu, mahindi, kunde na mbaazi. Baadhi yetu hutumia vidonge vya kufukiza nafaka ili fukusi wafe. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu hutoa hewa yenye sumu kali, na mvua ikinyesha unyevu huongezeka. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Kwa hivyo, mama, gunia lililowekewa vidonge lisilaliwe, lisiwe mto wa mtoto, wala lisikae chini ya turubai moja na watu. Ukinunua ndengu kwa mtu mwingine, muulize kabla ya kupakia: "Umeweka dawa gani, na lini?" Kama hajui, lala mbali na mzigo huo.

Pa kuegesha

Huku kwetu mito mingi ni ya msimu. Mchana ni mchanga mtupu, na mchanga ule mweupe unaonekana tambarare na safi kulala. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kukufikia hata kama juu yako kuna nyota. Usiegeshe kwenye mchanga wa mto wala karibu na ukingo wake.

Na msivuke mto uliofurika eti kwa sababu mzigo utaharibika. Tunakumbuka mto Enziu, kule Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021, basi lilipozama na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha wakielekea harusini. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 60 tu, yanaweza kuelea na gari. Embe likioza, msimu ujao liko lingine.

Chagueni mahali palipoinuka, penye mwanga, penye watu na choo. Msikae chini ya mti wenye matawi makavu, wala kando ya nyasi ndefu. Mabaki ya chakula yafungwe vizuri, maana panya huyafuata, na nyoka hufuata panya. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge.

Gari likiwa linatembea, mama na watoto wakae ndani ya kebini wakiwa wamefunga mikanda. Nyuma ni pa kulala gari likiwa limesimama tu.

Jua likitoka

Usiku ukiisha, hatari nyingine inaanza. Kebini iliyofungwa juani hupata moto haraka: joto linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10. Usimwache mtoto amelala humo ukienda kupatana bei, hata kama umeshusha kioo kidogo.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata kukiwa na joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Wakubwa wapewe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwenye mtungi safi wenye mfuniko. Beba sabuni, na pakiti za ORS pamoja na zinki. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji cha kuchanganya. Usisahau Kijitabu cha Mama na Mtoto, kwa maana mtoto akiugua njiani, muuguzi wa Makindu au wa Wote ataweza kujua chanjo na uzito wake.

Nenda kituo cha afya bila kungoja soko liishe ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea sana, anapumua kwa kasi au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kwa dharura piga 999 au 112.

Turudi Emali

Tulimwacha mama wetu na jiko mkononi. Afanye nini? Aliache jiko nje, mbali na gari, na alizime kabisa. Ainue turubai kidogo mbele na nyuma. Atoe maboksi chini ya maembe ayatandike. Ambadilishe mtoto nguo, amvishe boshori, amnyonyeshe kifuani. Shemeji akae kebini na yule wa miaka mitano, injini ikiwa imezimwa na kioo kimeshushwa kidogo. Baridi itakuwepo, hatukudanganyi. Lakini alfajiri mnunuzi akija, atawakuta wote wameamka.

Kabla ya kupakia msimu huu, mama, kaa na dereva wako mkubaliane mapema: chini pakavu, juu pasipovuja, hewa inapita, jiko halipandi. Mweleze pia jirani yako ambaye hana redio.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini makaa yasiyo na moshi bado ni hatari?
2. Katika soko lenu, familia huegesha wapi usiku? Je, ni mbali na mto?
3. Ni vitu gani mtakavyotandika chini kabla ya godoro?
4. Utamwuliza nini mwenye gunia kabla ya kulipakia?

Mpaka wiki ijayo, tunza mtoto, nawe ujitunze.

(Muziki wa kipindi unapanda.)