Mwamuzi wa Rufaa za Misaada: Mtumishi wa Serikali Anayeipima Serikali



Ndugu zetu wengi wa mashariki ya Kongo, wasemao Kiswahili, wamepelekwa kuishi Marekani kama wakimbizi. Huko wamekutana na barua za ofisi ya ustawi: msaada wa chakula umepunguzwa, matibabu yamekatwa, fedha zirudishwe. Ndani ya barua hizo kuna maelezo kwamba asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Wengi hudhani rufaa inarudi kwa karani yule yule aliyekata, na kwa hiyo barua huishia juu ya kabati. Sivyo ilivyo. Rufaa huenda kwa mtumishi mwingine, mwamuzi, na kazi yake ndiyo tunayotaka kuieleza.

Mwamuzi huyu hulipwa mshahara na serikali ile ile inayolalamikiwa. Basi atawezaje kuwa mtu wa haki? Swali hili lilijibiwa kwa sehemu mwaka 1970. Kabla ya hapo, mjini New York, ofisi iliweza kukata posho ya maskini kwanza na kumsikiliza baadaye. Wapokeaji wa posho walikwenda mahakamani, na tarehe 23 Machi 1970 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki katika kesi ya Goldberg na Kelly, majaji 5 dhidi ya 3. Jaji Brennan, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba mtu asiye na riziki nyingine akikatiwa posho hawezi hata kuifuatilia haki yake, kwa kuwa mawazo yake yote yako kwenye chakula cha siku. Kwa hiyo asikilizwe kabla ya kukatwa. Anayesikiliza asiwe ameshiriki katika uamuzi wa kwanza, auegemeze uamuzi wake kwenye sheria na ushahidi uliotolewa mbele yake tu, tena aeleze sababu.

Mwaka 1976 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuipanua haki hiyo kwa wanaolipwa kwa ajili ya ulemavu; ikaamua kwamba hao waliweza kukatiwa kwanza. Sisi hatuoni kama njaa ya kilema ni ndogo kuliko njaa ya mwingine, lakini ndivyo ilivyoamuliwa.

Kazi yenyewe haina joho wala jukwaa. Mara nyingi husikilizwa kwa simu. Mjumbe wa ofisi hueleza jalada linasema nini, mlalamikaji hujibu, mwamuzi huuliza maswali. Yeye si wakili wa upande wowote, lakini akikaa kimya tu mwenye haki atashindwa kwa kutojua la kusema. Tuchukue mfano wa baba afanyaye kazi katika kiwanda cha nyama. Mwezi mmoja alifanya ovataimu nyingi kwa kuwa wenzake waliugua. Ofisi ikachukua stakabadhi za mshahara wa mwezi ule, ikahesabu kama ndiyo mapato yake ya kila mwezi, ikakata chakula. Jalada halisemi kwamba ovataimu ilikwisha. Baba naye hasemi, maana hakuna aliyemwuliza. Swali moja la mwamuzi, "Je, kazi hiyo ya ziada inaendelea?", laweza kugeuza kesi nzima.

Neno lenye taabu kuliko yote ni "familia". Kwa sheria ya msaada wa chakula, wanaohesabiwa ni wale wanaoishi pamoja, wakanunua na kupika chakula pamoja. Mkalimani akiuliza, "Familia yako ni watu wangapi?", mtu wa kwetu atajibu kumi, akiwahesabu mama yake aliyeko Uvira na watoto wa marehemu kaka yake. Jalada linasema watano. Mara anaonekana mwongo, na uwongo katika jambo hili ni kosa zito. Mkalimani aliyefundishwa vizuri na mwamuzi mwenye subira watauliza: ni nani mnaolala nyumba moja na kula chungu kimoja? Hapo hesabu zitalingana. Kwa sababu hiyo mlalamikaji asikubali mtoto wake wa shule awe mkalimani. Aombe mkalimani wa ofisi, ambaye halipwi na mlalamikaji.

Mwamuzi hana uwezo wa kuifuta sheria. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi katika msaada wa chakula mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mwamuzi anaweza kuona sheria hiyo ni ya kikatili. Hata hivyo atabaki na swali moja tu, kama ilitumika sawasawa kwa mtu huyu, ambaye pengine hati yake ya ukaazi ilikwisha kutoka na karani hakuiona.

Liko pia jambo linalotuhusu kama vyama vya wafanyakazi. Majaji wanaosikiliza rufaa za malipo ya ulemavu kwa serikali kuu ya Marekani wana chama chao. Mwaka 2007 waliwekewa lengo la kumaliza kesi 500 hadi 700 kila mwaka. Kwa siku 250 za kazi, hizo ni kesi 2 hadi karibu 3 kwa siku, na jalada moja laweza kuwa na mamia ya kurasa za hospitali. Mwaka 2013 chama kilishitaki, kikisema lengo hilo linapotosha uamuzi: kukubali ombi huchukua muda mfupi kuliko kulikataa, hivyo mwenye haraka huvutwa kukubali. Mahakama ya rufaa ya Chicago, mwezi Januari 2015, ilisema hilo ni suala la masharti ya kazi na lina njia zake za kiutumishi, si la mahakama hiyo. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kupangiwa idadi ya magunia anaielewa hesabu hii.

Kwa msaada wa chakula, rufaa hukatwa ndani ya siku 90. Lakini anayetaka msaada uendelee wakati anasubiri lazima aombe kabla ya makato kuanza, na notisi yaweza kuwa ya siku 10 tu, zinazohesabiwa tangu barua ilipotumwa, si siku ilipofunguliwa. Akishindwa, atadaiwa alichopokea katikati. Nakala ya sehemu za jalada zinazohusu rufaa yake hutolewa bure akiomba, na anaruhusiwa kuja na ndugu, rafiki au wakili wa kumsemea.