Anayenishika Ndiye Mwenye Nyumba

Sogeeni, wapwa zangu. Mmoja wenu kaniuliza, "Mjomba, msimamizi wa tovuti ni nani?" Swali zuri hilo!

Basi ipo nyumba mpya, ina vyumba vingi. Fundi kamaliza, kaondoka, na ufunguo mkuu kauacha mlangoni. Ufunguo unaning'inia, unasema: "Anayenishika ndiye mwenye nyumba."

Tovuti ndiyo nyumba hiyo. Akaunti ya msimamizi ndiyo ufunguo mkuu. Ukiwa nayo unaandika, unafuta, hata wenzako unawatoa nje.

"Je, mgeni akiwahi kufika?" Hapo umefikiri, mwanangu! Iko programu ya kutengenezea tovuti, inaitwa WordPress. Ukiiweka kwenye seva, hufungua ukurasa unaouliza: msimamizi aitwe nani, nenosiri lake lipi? Ukurasa huo haumjui mwenyewe. Ukienda kunywa chai kabla ya kuujaza, mwizi aweza kuujaza yeye. Ufunguo utasema nini? "Anayenishika ndiye mwenye nyumba." Kwa hiyo ujaze hapohapo, chai baadaye.

"Na jina, Mjomba, nichague lolote?" Lolote, ila si "admin". Zamani WordPress ilimpa msimamizi wa kwanza wa kila tovuti jina hilohilo. Mwizi alibaki kubahatisha nenosiri tu. Tangu toleo la 3.0, mwaka 2010, mwenyewe huchagua jina. Lakini wengi hawakulibadili lile la zamani. Mwaka 2013 kompyuta nyingi zilizotekwa na wadukuzi zilipita tovuti hata tovuti, zikijaribu "admin" na nenosiri hili, kisha lile, kisha lile.

"Nenosiri gani litawashinda?" Refu, ambalo hulitumii kwingine. Kisha ongeza kufuli la pili: namba ya kwenye simu, inayobadilika kila baada ya sekunde 30 hivi.

"Nikitaka kuandika hadithi tu?" Hongera, hilo watu wazima wengi hawaulizi! Ufunguo mkuu uache. Jifungulie akaunti ndogo ya mwandishi. Ikiibiwa, mwizi atachafua hadithi zako, lakini nyumba haichukui.

"Na wasimamizi wakiwa wawili?" Kila mmoja na ufunguo wake, wasiazimane. Mmoja akiacha kazi, unafuta wake tu, na mwenzake anaendelea kuingia kama kawaida.

Haya, tovuti ya shule yenu, ufunguo wake anao nani? Kesho muulizeni mwalimu.