Chujio la Maji Nyumbani, na Jinsi ya Kulitunza

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za chombo kimoja kinachojulikana sana Arusha na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, nacho ni chujio la maji ya kunywa. Hatukuja kuwashauri mnunue chujio, maana wengi wenu mnalo tayari. Twataka kuwauliza swali jingine: Je, chujio lenu li hai, au limekufa? Maana chujio huweza kufa hali limesimama mahali pake, limefutwa vumbi, na maji yatokayo humo ni maangavu kama kioo.

Njia itokayo Arusha kwenda Moshi hupita mahali paitwapo Maji ya Chai. Watu husema jina hilo lilitokana na rangi ya maji ya hapo, iliyofanana na chai. Mgeni ayaonapo maji ya namna hiyo husita kuyanywa. Walakini si rangi iliyo adui mkubwa. Adui mkubwa wa maji ya Meru hana rangi, hana harufu, wala hana ladha. Jina lake ni floraidi.

Yafaa tueleze asili yake. Meru ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Mawe na majivu yake ya kale yana madini ya floraidi ndani yake. Mvua inyeshapo, maji hupenya katika mawe hayo, huyayeyusha madini kidogo kidogo, na kuyachukua mpaka kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4, kisha nayo ikashusha kipimo kuwa 1.5. Lakini maji ya mto Engare Nanyuki yamepimwa yakaonekana kuwa na zaidi ya miligramu 10, na katika maziwa ya Momella hesabu hufika mamia. Wala si maji yote ya Meru yaliyo hivyo. Chemchemi mbili zilizo jirani huweza kutofautiana sana, moja njema na moja mbaya, na jicho lisione tofauti yo yote.

Floraidi kidogo huyatia meno nguvu, ikizidi huyaharibu. Nayo huyaharibu yangali yakiumbwa ndani ya ufizi, yaani tangu mtoto azaliwapo mpaka apatapo umri wa miaka 8 hivi. Jino likiisha kutokea na madoa ya kahawia, hakuna mswaki wala majivu yawezayo kuyaondoa. Mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika: viungo hukakamaa, na miguu ya watoto hupinda. Sisi walimu twawaona wanafunzi wenye akili na adabu njema ambao hufunika kinywa kwa mkono kila wachekapo. Hawakukosa neno. Walikunywa maji waliyopewa.

Mtu atasema, “Sisi twachemsha maji yetu.” Ni vizuri, wala asiache mtu kuchemsha, kwa kuwa moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini floraidi si kijidudu. Haina uhai wa kupotezwa. Maji yakichemka, mvuke huondoka na floraidi hubaki sufuriani, hata maji yaliyosalia huwa nayo nyingi kuliko kwanza. Na mama apikaye makande au maharage kwa magadi na ajue kwamba magadi ya nchi hizi nayo yana floraidi, basi huongeza juu ya ile iliyomo majini.

Sasa tutazame machujio yenyewe. Yako ya namna nyingi, lakini tutasema juu ya mawili, kwa sababu kazi zao ni mbali mbali na utunzaji wao pia ni mbali mbali. Makosa mengi hutokea kwa kuwa watu huyatunza yote mawili kwa njia moja.

La kwanza ni chujio la mchanga. Hili ni pipa au chombo cha saruji chenye kokoto chini na mchanga mwembamba juu. Watu hudhani kwamba mchanga hufanya kazi kama kitambaa, yaani kuzuia takataka tu. Sivyo. Juu ya mchanga huota utando mwembamba wa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na viumbe hao hula vijidudu viletavyo magonjwa. Utando huo huhitaji majuma mawili mpaka manne kukomaa. Ndio roho ya chujio.

Nguvu ya utando huo ilidhihirika Ujerumani mwaka 1892. Miji miwili, Hamburg na Altona, ilikuwa imepakana kando ya mto Elbe, na yote miwili ilichota maji katika mto huo. Altona ulikuwa chini ya Hamburg, hata maji yake yalikuwa machafu zaidi. Lakini uliyachuja kwa mchanga, na Hamburg haukuchuja. Kipindupindu kilipokuja, katika Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000, na Altona ukaokoka kwa sehemu kubwa sana. Lakini sikilizeni mwisho wake. Katika majira ya baridi yaliyofuata, chujio moja la Altona liliharibiwa na barafu wakati wa kusafishwa, na mara kipindupindu kikapenya mjini. Daktari Robert Koch aliyachunguza mambo hayo na kuyaandika. Basi chujio lililookoa mji lilishindwa siku liliposafishwa vibaya.

Kwa hiyo, chujio la mchanga lisafishwe kwa upole. Maji yenye tope yaachwe kwanza katika ndoo mpaka tope litulie, kisha yamiminwe polepole kupitia kitambaa safi. Maji yasimamayo juu ya mchanga yawe na kina cha sentimita 5 hivi wakati chujio linapopumzika, ili utando usikauke. Litumike kila siku, maana viumbe wale wakikosa maji mapya hufa njaa. Maji yakianza kutoka kwa uvivu, usiutoe mchanga nje kuuosha. Tia maji kidogo juu, koroga uso wa mchanga kwa vidole, usizame zaidi ya pingili moja ya kidole, kisha chota maji machafu kwa kikombe na kuyamwaga. Rudia mpaka mwendo wa maji urudi. Siku chache baada ya hapo yachemshe maji yote ya kunywa, kwa kuwa utando umeumizwa na unahitaji muda wa kupona. Sabuni na dawa ya klorini zisiingie humo kabisa. Ukitaka kutia klorini, itie katika maji yaliyokwisha kuchujwa. Hata wafugao samaki katika matangi ya kioo wanajua jambo hili: akiosha chujio la tangi kwa sabuni mpaka likang'aa, huwaua viumbe wadogo walao uchafu, na baada ya siku chache samaki huelea wamekufa.

Lakini chujio la mchanga haliondoi floraidi. Kwa kazi hiyo liko la pili, chujio la mkaa wa mifupa. Watu wa Meru wamelijua kwa sababu ya kituo cha utafiti kilichopo Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, ambako wataalamu wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Mifupa ya wanyama husafishwa, kisha huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, halafu husagwa iwe chembe ndogo. Mkaa ulio mweusi au wa kijivu ndio mwema. Ukiwa wa kahawia haukuiva, nao hutia maji harufu na ladha mbaya. Ukiwa mweupe kabisa umeungua kupita kiasi, na nguvu yake imepungua. Mwenye shaka kwa ajili ya dini yake aulize ni mifupa ya mnyama gani kabla ya kununua. Si aibu kuuliza.

Kazi ya mkaa huo ni hii. Floraidi hupenda sana mifupa, ndiyo maana hudhuru mifupa yetu. Basi maji yapitapo katika mkaa wa mifupa, floraidi hushikwa humo badala ya kushikwa katika miili ya watoto. Lakini kila chembe ya mkaa ni kama kiti kimoja. Viti vyote vikiisha kukaliwa, floraidi ijayo nyuma hupita moja kwa moja. Na hapa ndipo penye hatari: mkaa ulioshiba hautoi alama. Maji hutoka kwa mwendo ule ule, kwa uangavu ule ule, kwa ladha ile ile. Wala kuuosha kwa maji hakufai kitu, maana floraidi iliyoshikwa haitoki kwa kuoshwa. Dawa za kuurudishia mkaa nguvu ni kali na ni kazi ya wataalamu. Nyumbani hapana budi kuubadilisha.

Utajuaje siku ya kuubadilisha? Kwa hesabu, na kwa kupimisha maji. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme ndoo yako ina kilo 10 za mkaa, yaani gramu 10,000, na kila gramu yaweza kushika miligramu 2 za floraidi. Basi mkaa wote utashika miligramu 20,000. Maji yako yana miligramu 8 katika kila lita, nawe wataka ibaki 1, yaani kila lita itaacha 7 katika mkaa. Gawanya 20,000 kwa 7, utapata lita 2,857. Ikiwa nyumba yako hutumia lita 20 kila siku kwa kunywa na kupikia, mkaa utakwisha baada ya siku 142. Usingoje siku hiyo, kwa sababu mkaa huanza kuvujisha kabla haujashiba kabisa. Badilisha upatapo miezi minne. Na kama maji yako yana miligramu 15, muda huo ni nusu tu. Hesabu hii ni mfano, maana mikaa haifanani. Mwenye kuuza akuambie nguvu ya mkaa wake, na maabara ya maji ikuambie hali ya maji yako.

Hatusemi haya kama watu wasiopata kukosea. Katika chuo kimoja tulikofundisha zamani, tuliweka chujio la mkaa wa mifupa penye chumba cha kulia. Tulijivuna nalo. Wanafunzi walifuta kifuniko kila Jumamosi, na wageni walionyeshwa. Siku moja mwanafunzi aliuliza mkaa ulitiwa lini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujibu. Tulipeleka chupa mbili maabara, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya chujio. Majibu yaliporudi, hesabu zilikuwa karibu sawa. Kwa muda tusioujua tulikuwa tukiwanywesha vijana maji ya bomba kwa njia ndefu. Tangu siku ile twasema kwamba chujio lisiloandikwa tarehe ni ndoo tu.

Basi haya ndiyo ya kushika. Kwanza, ikiwa una machujio yote mawili, maji yapite katika mchanga kabla ya mkaa, ili tope lisizibe mkaa. Kisha yachemshwe kwa ajili ya kunywa, kwa kuwa mkaa hauui vijidudu. Pili, mkaa mpya uoshwe mpaka vumbi jeusi liishe, na maji ya kwanza yamwagwe. Tatu, mkaa ukae chini ya maji daima, na bomba lifunguliwe kidogo, ili maji yapite taratibu na floraidi ipate nafasi ya kushikwa. Nne, chombo cha kupokea maji kioshwe kila juma na kifunikwe, wala mtu asitumbukize kikombe ndani. Tano, andikeni kwa rangi ubavuni mwa chujio siku mkaa ulipotiwa na siku utakapotolewa, ili hata mtoto aweze kuisoma na kuwakumbusha wazee wake.

Wataalamu hawajaacha kutafuta njia nyingine. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya hapa Arusha, alipewa Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kwa ajili ya chujio alilolitengeneza. Twafurahi kwa hayo. Lakini hata chujio la mtaalamu mkubwa likiingia nyumbani mwako huwa mikononi mwako, nawe ndiwe fundi wake wa kila siku.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huweza kujengwa tena. Jino la mtoto likiisha kuharibika haliumbwi mara ya pili. Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, litazameni chujio lenu. Mkiiona tarehe, ihesabuni. Msipoiona, kesho pelekeni chupa ya maji yake ikapimwe.

Kwaherini, na Mungu awape maji mema.