Mtarakwa Hauna Haraka

Vikundi kadhaa vimetuuliza: mbona mitarakwa tuliyopanda haikui? Kumbe inakua, ila polepole. Mkaratusi uliopandwa siku hiyohiyo utapita paa la nyumba wakati mtarakwa bado uko kiunoni. Tumeona watu wakiung'oa, wakidhani umekataa udongo. Jamani, msing'oe!

Mtarakwa ni mti wetu wa nyanda za juu, kama kule Mau, Aberdare na Maralal. Hupenda sana mahali palipo kati ya mita 1,500 na 3,000 juu ya bahari. Kiini chake ni chekundu, chanukia vizuri, na mchwa hawakitaki. Ndiyo sababu wazee waliutafuta kwa nguzo za ua. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa huoza upesi, lakini ile ya kiini cha mtarakwa hukaa ardhini miaka mingi.

Kazi iko kwenye mbegu. Kwa kawaida kuna mti dume na mti jike, na jike ndio huzaa. Vitunda vya kijani viacheni. Chumeni vilivyogeuka rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Viponde, vioshe, kisha tia mbegu katika debe la maji. Zinazoelea ni tupu, tupeni. Zikiwa nyingi msishangae, ndivyo mti huu ulivyo. Pandeni kitaluni chini ya kivuli chepesi, udongo usikauke. Hazioti zote pamoja. Sisi wenyewe tuliwahi kumwaga kitalu baada ya wiki chache tu, halafu tukakuta miche imechipua pale kwenye takataka!

Shambani, panda mvua ndefu zikianza. Palilia, zuia mifugo isiukanyage, na usikate kichwa chake. Miaka ya kwanza maharagwe yatakaa vizuri kati ya mistari. Kuni za nyumbani zitoke kwa grevilea, si hapa.

Sasa neno ambalo vikundi husahau. Anayepanda mtarakwa huenda asiwe ndiye atakayeukata. Kama uko mpakani, kubalianeni na jirani mapema. Kama ni wa kikundi, andikeni kwenye kitabu cha kumbukumbu ni miti mingapi, iko shamba la nani, na mwanachama akifariki au shamba likigawanywa nani ana haki juu yake. Wote watie sahihi, pamoja na mama wa nyumba hiyo na watoto waliofikia umri.