Salfa ya korosho (Sehemu ya tatu): Tuhesabu na miwani, si mifuko peke yake

Malori ya salfa yanaposhusha mzigo kwenye maghala ya vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa, habari inayotangazwa ni tani ngapi zimefika na kila mkulima atapata mifuko mingapi. Ni habari njema, maana bila salfa hakuna korosho. Lakini sijapata kusikia ikitangazwa kwamba zimefika barakoa na miwani kadhaa kwa ajili ya wapuliziaji. Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliueleza ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia mikorosho, na jinsi unga wa salfa unavyouzuia. Leo tumwangalie anayeubeba mgongoni.

Kwanza tujue dawa hii imetoka wapi. Mwaka 1845, Edward Tucker, mtunza bustani wa Margate, Uingereza, aliona unga mweupe juu ya mizabibu yake. Miaka miwili baadaye, Mchungaji Miles Berkeley, bingwa wa elimu ya kuvu, aliupa ugonjwa huo jina la Oidium tuckeri. Ni jamaa wa karibu wa ubwiriunga wetu. Ugonjwa huo wa mizabibu ulivuka bahari hadi Ufaransa, na kufikia mwaka 1854 mavuno ya mvinyo huko yalikuwa yameporomoka hadi hektolita milioni 11 hivi, chini ya theluthi ya miaka ya neema. Henri Marès, mkulima msomi wa Montpellier, ndiye aliyewashawishi wenzake kwamba salfa kavu, ikipulizwa mapema na kurudiwa kwa ratiba, huokoa zabibu. Walipuliza kwa mivukuto ya mkono, na macho ya vibarua yakavimba na kuwawasha. Zabibu zilipona kabla ya mtu kuyajali macho hayo.

Salfa yenyewe ilichimbwa Sicily. Huko watoto walioitwa carusi, wengine hawajatimiza miaka kumi, walipandisha mawe ya salfa kwa migongo yao kutoka chini ya ardhi, huku wazazi wao wakiwa wamekwisha kupokea fedha za kuwafunga kazini. Moshi wa matanuri ulikausha mashamba ya jirani. Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, aliyatembelea machimbo hayo mwaka 1910, kisha akaandika kwamba hatarajii kuona duniani mahali panapokaribia jehanamu kuliko pale. Aliyeupima ubaya huo aliwahi kuwa mtumwa mwenyewe.

Sisi Watanzania tulifikiwa na balaa kama hilo mwaka 1979, ubwiriunga ulipotambuliwa nchini. Uzalishaji wa korosho, uliofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ulikuwa umeanza kushuka wakulima walipohamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali. Ugonjwa ukaumalizia, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 tukawa chini ya tani 20,000. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walitufundisha kupuliza salfa, na mikorosho ikainuka. Tuliipokea dawa pamoja na mazoea yale yale ya Montpellier: zao kwanza, macho baadaye.

Salfa si sumu kali ukiigusa tu. Hatari yake iko kwenye vumbi na moto. Unga laini ukitanda hewani ndani ya ghala lililofungwa, cheche moja yatosha kuulipua. Salfa haipitishi umeme, hivyo ikisuguana na bomba la mashine huzalisha umeme tuli. Ndiyo sababu mashine nyingi za kupulizia unga hutengenezwa zikiwa na mnyororo mwembamba wa kuburuzika ardhini, ili umeme huo ushuke. Shambani mnyororo hunasa kwenye vichaka, basi kijana huukata na kuutupa. Kisha huongeza petroli injini ikiwa bado ya moto, sigara mdomoni.

Ikiwaka, salfa hutoa mwali wa buluu usioonekana vizuri mchana, pamoja na gesi ya salfa dayoksaidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu hugeuka tindikali, na mwenye pumu anaweza kupoteza maisha. Moto mdogo wa salfa hufunikwa kwa mchanga au hunyunyiziwa maji ya manyunyu. Ukiumwagia maji kwa nguvu unarusha vumbi na kuulisha. Wala salfa isilazwe ghala moja na mbolea za naitreti. Mchimbaji wa madini wa Namungo, Ruangwa, hawezi kulala chumba kimoja na baruti, ilhali salfa ni mojawapo ya viungo vitatu vya baruti ya kale, na mkulima jirani yake anaiweka uvunguni mwa kitanda cha watoto.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003, nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Anayelipwa kwa mti kupuliza shamba la mwenzake ni mfanyakazi. Mwenye shamba asiyemnunulia miwani anaokoa senti kwa macho ya mtoto wa mwenzake, na hiyo ni dhuluma. Viongozi wa vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI waweke kanuni moja nyepesi: mfuko wa salfa usitoke ghalani bila barakoa na miwani, na asiyefikisha miaka 18 asikabidhiwe mashine. Mkutano mkuu wa wanachama unaweza kulipitisha hilo msimu huu huu, kabla mikorosho haijatoa maua.