Birika la Umeme na Betri ya Pili ya Gari



Tunapozunguka mashamba ya chai kati ya Fort Portal na Bushenyi kuonana na wanachama, mara nyingi tunalala garini. Gari letu lina betri mbili. Moja ni ya kuwashia injini, ya pili ni ya taa, redio na vyombo vya jikoni, kama magari ya watalii wanaolala mbugani. Hiyo ya pili ilinunuliwa kwa michango yenu, nayo ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Iliuawa na birika la chai. Tunawaeleza kwa sababu wengi wenu mna betri za sola kambini, na hesabu ni ileile.

Betri yetu iliandikwa volti 12, ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 600. Kuchemsha lita moja ya maji kunataka kama wati-saa 100, na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inakula kama sehemu ya kumi. Basi tukaona lita tano zinawezekana, tukafurahi.

Tulisahau kasi. Birika la wati 1,500 linavuta ampea 125, na pamoja na hasara ya inveta karibu 140. Zile ampea-saa 100 kwa kawaida hupimwa kwa kuvuta ampea 5 tu kwa saa 20. Ukiivuta betri kwa nguvu namna ile, volti zinashuka, inveta inapiga kelele na kuzima. Sisi tulikuwa tunangoja kidogo, kisha tunaiwasha tena, kila asubuhi (tulikuwa sita, na hakuna aliyekubali kikombe kimoja). Halafu tuliendesha mwendo mfupi kutoka shamba hadi shamba, betri haikujaa hata siku moja. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa inaharibika ndani. Waya nao ulikuwa mwembamba, ukishika unachoma.

Blenda ya wati 300 kwa dakika moja inakula wati-saa 5 tu. Friji ndogo ya volti 12 inafaa pia, maana haivuti muda wote. Birika la madereva wa malori, la wati 150, halidhuru betri, ila lita moja ni karibu robo tatu ya saa. Maharage yasahauni kabisa. Betri za lithiamu zinastahimili zaidi, lakini ni ghali na zinataka chaja yake.

Fyuzi iwekwe karibu na betri yenyewe. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka, kwa hiyo ikae penye hewa na asivutie mtu sigara hapo. Wala msiingize jiko la mkaa garini mkalala nalo. Moshi wake usioonekana unaua.

Siku hizi tunachemshia chai nje, kwa gesi, na kuitia kwenye chupa. Kwenye kiwanda cha chai chenye boila tunaomba maji ya moto. Mahali pengine tumenyimwa, na jambo hilo tutalipeleka kwenye mazungumzo ya mkataba.